Likizo ya Pemba na watoto: twendeni tukaangalie ndege (uzi mrefu kwa watu wa Tanga)

Mama wa Chumbageni (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni, wa Tanga na majirani zetu wote.

Kila Disemba ikikaribia watu wanaulizana likizo waende wapi na watoto na majibu ni yaleyale, Dar kwa ndugu, Lushoto kwenye baridi, wenye nafasi zaidi Unguja. Pemba haitajwi kabisa wakati ipo hapo mbele yetu, ukivuka mkondo umefika, ni kama kilomita 50 tu kutoka bara. Sisi likizo iliyopita tulivuka familia nzima, mimi, baba watoto, mama mkwe na watoto, na shughuli kubwa tuliyoifanya kule ni kuangalia ndege. Nasema ndege wenye manyoya, wa msituni na wa pwani. Naandika kwa urefu kwa sababu maelezo niliyoyakuta kabla ya safari yote yameandikwa kwa ajili ya mzungu anayekuja peke yake na kamera ya mamilioni, ya mama mwenye mtoto wa darasa la pili na mkwe anayeumwa magoti sikuyaona popote.

Kwanza kwa nini Pemba. Kuna ndege wa aina nne ambao dunia nzima wanapatikana Pemba tu. Unguja hawapo, Tanga hawapo, Madagaska hawapo. Kuna ninga wa Pemba, njiwa wa kijani, kuna chozi wa Pemba, yule mdogo wa kwenye maua, kuna kinengenenge wa Pemba, hawa wadogo wa njano wenye duara jeupe kuzunguka jicho, na kuna bundi mdogo wa Pemba. Sababu yake iko chini ya bahari. Huu mkondo tunaouangalia kila siku tukiwa Raskazone una kina kinachofika mita 800 hivi, wakati kati ya Unguja na bara maji ni mafupi. Zamani za barafu, maji mengi ya dunia yakiwa yameganda, bahari ilipopungua kwa zaidi ya mita 100 Unguja ikaungana na bara, wanyama wakavuka kwa miguu yao. Pemba haikuungana, ilibaki kisiwa, imekaa peke yake kwa muda mrefu sana, na ndege waliowahi kufika wakazaliana wenyewe kwa wenyewe vizazi na vizazi mpaka wakawa aina nyingine kabisa. Mtoto wangu wa darasa la sita nilimweleza hivi tukiwa kwenye boti, katikati ya maji, akawa anaangalia chini kwenye bahari badala ya kuangalia simu, na mimi nikajua safari imeshaanza.

Sasa na familia unafanyaje. Ushauri wangu mkubwa, na ndio uliosababisha nianzishe uzi huu, ni kwamba msiwakimbize ndege. Chagueni sehemu moja, kaeni chini, tulieni, wacha ndege waje. Wenye mchezo huu wengi wana orodha ndefu, leo lazima aone hawa na hawa, anatembea kutoka alfajiri mpaka jua la utosi. Ukimpeleka mtoto hivyo hatataka kusikia neno ndege tena maisha yake yote, na mkwe ndo hata hatoki gesti. Sisi tulikuwa tunatoka saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijapanda, tunatandika mkeka chini ya mti wenye matunda, chai kwenye chupa, mihogo ya kuchemsha, tunakaa. Ikifika saa tatu joto limeingia ndege wamenyamaza, tunarudi, watoto wanaenda kuogelea, wazee wanalala, mpaka jioni tena. Hakuna aliyelalamika.

Ngezi ndo msitu wenyewe, uko kaskazini ya kisiwa, unaingilia Konde. Ni kipande kilichobaki cha msitu wa asili uliokuwa umefunika sehemu kubwa ya Pemba kabla ya mikarafuu. Barabara inapita katikati ya msitu kuelekea ufukwe wa Vumawimbi na Ras Kigomasha, kwa hiyo hata mtu wa magoti anatembea taratibu barabarani na anaona. Miti mirefu, kivuli kizito, kuna miti fulani ya jamii ya michikichi wenyewe wanaita mipapindi, nayo haipo popote duniani isipokuwa kule.

Hapo ndo tuliwaona ninga. Tulikuwa tumekaa chini ya mti mkubwa wa jamii ya mkuyu uliojaa vitunda, mwanzo hakuna kitu, majani tu. Tukawa tunasikia vitu vinadondoka, tap, tap, maganda na vitunda nusu. Binti yangu mdogo akasema mama, majani yanatembea. Kumbe ninga wamejaa humo. Mgongo wa kijani, kichwa na kifua kijivu, begani kibaka cha zambarau, mdomo kwenye shina una wekundu. Yule ndege hali kama njiwa wa mjini anayedonoa chini, anapanda kwenye tawi jembamba kabisa, anajishikilia kwa miguu, anageuka kichwa chini miguu juu na kunyoosha shingo kufikia tunda, akilichuma anajigeuza tena, tawi linacheza lote. Tulikaa pale mpaka chai ikapoa. Mama mkwe ambaye alikuja kwa ajili ya kusalimia ndugu zake wa Wete ndiye aliyekuwa anawaonyesha watoto, yule pale, yule amejificha nyuma ya jani, na hakuwa na darubini.

Chozi wa Pemba huna haja ya kumtafuta msituni, yuko kwenye maua ya bustani na mashambani. Dume akikaa kivulini utasema mweusi, akigeuka juani anang'aa kijani na kifuani zambarau. Kinengenenge nao wanatembea makundi, wanapiga kelele ndogondogo, wanapekua mti huu wanahamia ule.

Pwani nitaandika kwenye komenti ya chini maana hii imeshakuwa ndefu. Karibuni kwa maswali.

Kijana wa Makorora

Dada asante kwa uzi, ila niulize kwa nia njema tu. Watoto wa siku hizi ukiwaambia tunaenda kuangalia ndege si watakuambia hata nyumbani wapo? Mimi wa kwangu wanataka bichi na chipsi.

Mama wa Chumbageni

Kaka, hata wangu walisema hivyo na nyumbani kweli wapo, ndo maana tulianzia nyumbani. Wiki kadhaa kabla ya safari nilikuwa nawapeleka jioni pwani huku Sahare maji yakiwa yamekupwa, tunaangalia yangeyange na vitwitwi kwenye tope, na asubuhi uani tunasikiliza shore na dudumizi. Kila mtoto nikampa daftari na penseli. Sheria ilikuwa moja, ukimuona ndege mchore kwanza halafu ndo uulize anaitwaje. Mtoto akichora lazima aangalie mdomo ukoje, mguu una rangi gani, mkia anautikisa au hautikisi. Akipiga picha kwa simu anaona kidoa tu na anasahau hapohapo. Tulipofika Pemba walikuwa tayari wana macho. Bichi walienda kila siku, na chipsi walikula.

Mvuvi Kigombe

Kwenye bahari mseme ukweli watu wasije wakapata shida. Mkondo wa Pemba sio wa kuchezea, mwezi wa sita wa saba kusi likivuma lile wimbi linatisha hata sisi wa kazi. Watu wenye familia wavuke wakati wa kaskazi, bahari inakuwa na utulivu zaidi, na wapande boti za abiria zenye leseni, wasishawishike na mashua za magendo eti bei rahisi. Mashua inajazwa mizigo na watu, jaketi za kuokolea hakuna. Nimeona mengi.

Mama wa Chumbageni

Mvuvi umesema kweli tupu, na nakazia, mtu mwenye watoto asijaribu kabisa njia hizo. Halafu kwa bahati nzuri kaskazi ndio msimu mzuri hata kwa ndege. Kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa nne pwani zetu zinajaa wageni kutoka mbali, kuna vitwitwi wadogo kabisa wanataga mayai yao Siberia kule juu karibu na ncha ya kaskazini, baridi ikianza wanashuka mpaka kwetu. Ndege anayeingia kwenye kiganja cha mkono anaruka umbali huo halafu tunampita Sahare tukidhani ni wa hapahapa.

Ndo niingie kwenye pwani sasa. Kuangalia ndege wa pwani ni kujua maji. Maji yakikupwa ndege wanatawanyika kwenye tope lote mpaka kule mbali, unaona vidoa. Maji yakijaa kabisa wanajikusanya kwenye fungu la mchanga au juu ya mikoko, wanapumzika wamebanana. Wakati mzuri ni pale katikati, maji yanapoanza kujaa na kuwasogeza taratibu kuelekea ulipokaa wewe. Wakati wa bamvua ndo zaidi maana maji yanaenda mbali na yanarudi kwa kasi. Kaeni sehemu moja jua likiwa nyuma yenu, msisogee, watakuja wenyewe mpaka unaona macho. Muulizeni mvuvi yeyote pale mlipofikia, atawaambia saa bila kuangalia popote.

Tulichokiona ambacho sitakisahau ni wale ndege wakubwa weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi kama kisu. Chakula chao ni kaa. Wanatembea taratibu, wanasimama, wanakimbia hatua mbili tatu, wanamkamata kaa na kumpiga chini mpaka miguu inachomoka ndo wanammeza. Hawa wanazaliana huko Uarabuni na pwani ya Somalia, wanachimba mashimo kwenye mchanga, ndani wanataga yai moja, na joto la mchanga lenyewe linasaidia kulitunza yai. Sasa angalia hili, kinda lao linakuja na mzazi mpaka huku kwetu. Tulimuona mmoja mkubwa kabisa, kimo karibu sawa na mama yake, rangi tu ndo ya kijivujivu, anamfuata mzazi nyumanyuma ameinamisha shingo analia apewe kaa. Mzazi anaenda kushoto, yeye kushoto, mzazi anaruka, yeye anaruka. Watoto wangu walimtazama yule kinda kuliko kitu kingine chochote kwenye safari yote, na yule mkubwa kwenye daftari lake amechora kurasa nzima za huyo tu, mpaka kaa aliyevunjwa miguu kamchora.

Kingine, mtawaona yangeyange wa pwani wengine weupe pee, wengine weusi wa kijivu, wamesimama pamoja. Msidhani ni aina mbili, ni ndege yuleyule, anatoka kwa rangi mbili. Yupo pwani yetu hii ya Afrika Mashariki na Madagaska.

Mpemba wa Konde

Assalaam alaykum nyote. Nimefurahi kusoma, dada umeieleza kwetu vizuri. Naongeza machache kama mwenyeji.

Moja, mashamba ya mikarafuu yana wenyewe. Chozi na kinengenenge wamejaa humo, hata bundi yumo usiku, lakini mgeni asiingie tu na darubini shingoni. Piga hodi, salimia wazee, sema shida yako. Hakuna atakayekukataza, pengine utapewa na dafu. Na ukifika wakati wa kuchuma karafuu watu wana kazi, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi mpaka barabarani, usizikanyage.

La pili ni hawa ninga. Nilipokuwa mdogo vijana walikuwa wanawapiga kwa manati wanawala, na miti yao mikubwa ya matunda imekatwa sana. Mimi nawaona siku hizi watoto wakija wageni kuuliza ninga yuko wapi wanaona kumbe ni kitu cha thamani. Mkija mkiwauliza watoto wa kijiji, wao ndio wanajua mti upi umeiva wiki hiyo. Waulizeni wao kabla ya mtu mzima.

Sister Bombo

Mie mniache na hapo kwenye bundi jamani. Bundi akilia juu ya nyumba kwetu tunajua kuna msiba. Nyie mnamfuata usiku msituni na watoto? Tena Pemba?

Mama wa Chumbageni

Sister nakuelewa, na mama mkwe alisema hivyohivyo, usiku ule hakwenda na hatukumlazimisha, alibaki na yule mdogo wakalala. Kila mtu ana alivyolelewa. Mimi nakueleza nilichokiona ili uamue mwenyewe. Yule bundi wa Pemba ni mdogo, ukimuweka kwenye mkono anakaa kwenye kiganja, ana vimanyoya kama vimasikio kichwani, wengine ni wekundu wa udongo, wengine kahawia. Chakula chake ni wadudu. Sauti yake ni fupi moja tu, hu, ananyamaza, halafu hu tena, na mwenzake anajibu kutoka upande mwingine wa msitu. Anayelia anamwita mke wake au anamwambia jirani hapa ni kwangu. Akimaliza panzi na nondo wa usiku karibu na mashamba amekusaidia wewe mkulima.

Tulienda na mwongozaji wa ofisi ya msitu pale getini, ndio utaratibu, usiku huingii mwenyewe. Tochi ziwe na mwanga hafifu na mmoja tu ndo awashe. Tulimsikia muda mrefu kabla ya kumuona, watoto wameshikana mikono kimya kabisa, na alipomulikwa sekunde chache amekaa kwenye tawi la chini macho ya njano anatuangalia, mwongozaji akazima akasema inatosha, tumuache afanye kazi yake. Nilimheshimu sana yule kijana kwa hilo.

Bwana Picha

Mkuu mbona mnajitesa. Unapakua sauti ya bundi au ya ndege yoyote kwenye simu, unaicheza kwa spika ndogo ya blututhi, dakika mbili anakuja mwenyewe hadi usoni, unapiga picha unaondoka. Watembezaji wengi ndo wanavyofanya.

Mama wa Chumbageni

Kaka hapo nakataa kabisa, na naomba uniruhusu nieleze kwa nini. Ndege akisikia sauti ya mwenzake anajua ameingiliwa. Anaacha kula, anaacha mayai au makinda, anakuja kupigana na mtu ambaye hayupo. Wewe ukiondoka anakuja mwingine na spika yake, na mwingine, msimu mzima. Hawa wako kwenye kisiwa kimoja tu duniani, kina urefu wa kilomita 67 hivi, na msitu uliobaki ni vipande. Huko barani ukimsumbua ndege atahamia pori la pili, yule wa Pemba atahamia wapi? Tulikutana na mtembezaji mmoja wa mtaani aliyetaka kutufanyia hivyo mchana kwa chozi, nikamwambia hapana asante, tutasubiri. Na tulimuona bila spika.

Na hilohilo kwa ndege wa pwani waliopumzika kwenye fungu. Watoto wote duniani wakiona ndege mia wamekaa pamoja wanataka kukimbia katikati yao waruke. Nilikaa na wa kwangu kabla hatujafika nikawaeleza, huyu ametoka Siberia, amechoka, anakula saa chache tu maji yakikupwa, ukimrusha umemnyang'anya chakula alichokula. Walielewa. Yule mdogo akawa ndio polisi, anawaambia hata watoto wa wengine.

Bwana Picha

Sikuwahi kulifikiria upande wa mayai, hapo umenipa kitu. Ila bila picha nitajuaje ni ndege gani? Na darubini gani ninunue, naona zimeandikwa namba namba tu.

Mama wa Chumbageni

Picha piga tu kaka, mimi nakataa spika. Kutambua kuna aplikesheni inaitwa Merlin, inatolewa bure na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Unapakua kifurushi cha eneo lako ukiwa na intaneti nzuri mjini, ukifika msituni inafanya kazi bila bando. Unaipa picha au unajibu maswali machache, ukubwa, rangi, alikuwa anafanya nini, inakuletea majina. Nyingine ya hao hao ni eBird, hiyo unaandika orodha ya ulichokiona, wapi na saa ngapi, na watu wa utafiti wanaitumia kweli. Orodha za wanangu zimo.

Darubini, ile namba ya kwanza ni inavuta mara ngapi, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. 8x42 ndio ya kuchukua. Usidanganywe na muuzaji kwamba 10 au 20 ni bora zaidi, ikivuta sana na mkono ukitetemeka kidogo tu ndege anaruka ruka kwenye kioo humuoni, mtoto ndo kabisa. Kwa mtoto mdogo 8x32 au hata 8x25 ni nyepesi shingoni. Darubini moja ya familia inatosha mkipokezana, mradi ugomvi uupangie zamu mapema. Na mfundishe mtoto amwangalie ndege kwa macho yake kwanza, asimwachie, halafu ndo ainue darubini mpaka machoni. Wengi wanainua kwanza halafu wanaanza kutafuta, hawapati kitu.

Pangani Mashariki

Wasioweza kuvuka mpaka Pemba waje huku kwetu Pangani. Kisiwa cha Maziwe kiko kama kilomita 8 baharini, ni hifadhi ya bahari tangu 1975. Zamani kilikuwa na miti, mivinje, na kasa walikuwa wanataga sana. Miti ikaisha, mchanga ukaliwa na bahari, sasa hivi maji yakijaa kisiwa chote kinazama, yakikupwa kinatokea fungu jeupe na buabua na shakwe wanatua kwa wingi. Kasa bado wanakuja kutaga na mayai ikabidi yawe yanahamishiwa ufukwe wa Ushongo ili yasizame. Nawaambia watoto wa shule wanaokuja, hapa palikuwa na msitu, wanadhani nawatania.

Muheza Juu

Na Amani msiisahau. Hapo hapo Muheza, hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, Wajerumani waliweka kituo chao cha utafiti wa mimea 1902. Kuna ndege mmoja mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu anayejificha kwenye mitambaazi juu ya miti, dunia nzima anapatikana kwetu Usambara Mashariki na milima ya kaskazini ya Msumbiji basi. Mtu wa Tanga anapanda gari asubuhi jioni amerudi kwake. Sio kisiwa cha baharini lakini milima nayo ni visiwa, ndege wengi wa juu hawaishi bondeni.

Mama wa Chumbageni

Pangani, la Maziwe limeniuma. Nitawapeleka watoto walione hilo fungu, na wewe nitakutafuta uwasimulie mwenyewe. Muheza, Pasaka tupo kwenu inshallah, nieleze tu kama mvua za masika zinaziba njia.

Muheza Juu

Masika njia inateleza sana dada, na ruba wapo. Njooni Januari Februari, au subirini mwezi wa saba, baridi kidogo lakini kumekauka.

Dada wa Bagamoyo

Sisi huku tuna mashamba ya chumvi na mikoko ya Ruvu, vitwitwi na sululu wamejaa, ila kunguru wametuzidi. Wanakula mayai na makinda ya kila ndege mdogo. Pemba nako wapo?

Mpemba wa Konde

Dada, hao kunguru weusi wa shingo ya kijivu walianza kuletwa Unguja toka India miaka ya 1890 wale takataka, wakasambaa pwani nzima. Kwetu Konde sisi tunajitahidi tukimuona mmoja tunatoa taarifa. Takataka za chakula ndo zinawaleta, kwa hiyo wageni mkija mkila mkekani msiache mabaki, hata maganda ya mihogo bebeni.

Mama wa Chumbageni

Tulibeba yote kaka, na nashukuru umelisema. Nimesahau pia kuwaambia watu kuhusu popo. Sio ndege lakini watoto wasipoletwa Kidike, kijiji cha hukohuko Pemba, watawalaumu. Ni popo wakubwa wa matunda, nao wa Pemba tu, mabawa yakifunguka yanapita mita moja na nusu, mchana wananing'inia kwa mamia juu ya miti wanagombana. Walikaribia kuisha kwa kuwindwa, wanakijiji wenyewe wakaamua kuwalinda. Kiingilio unalipa pale pale kijijini. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda na bibi mmoja wa pale wakapiga soga mpaka tukamwita mara tatu.

Kijana wa Makorora

Haya dada umenishinda, mwezi wa kumi na mbili tunavuka. Nina mtoto wa miaka mitatu, yule Ngezi ya usiku ataweza? Na kutoka Chake kwenda Ngezi tunafikaje bila gari, na bei zikoje?

Mama wa Chumbageni

Wa miaka mitatu usiku usimpeleke, atalia na mtakosa wote, mpokezane na mama yake, mmoja aende leo mwingine kesho. Asubuhi mpeleke tu, mbebe mgongoni. Bei ulizeni getini Ngezi kwenye ofisi, sema wewe ni raia, na dai risiti, kwa sababu zinabadilika na sitaki nikupe ya mwaka jana. Mavazi ya heshima mkiwa vijijini, mikono mirefu usiku kwa ajili ya mbu, na Vumawimbi hakuna maduka, maji na chakula mnatoka nacho.

Mpemba wa Konde

Kaka, usafiri usikutie hofu. Kutoka Chake au Wete unapanda daladala mpaka Konde, hapo ndo mwisho wake. Konde kwenda Ngezi chukua bodaboda, au kwa kuwa una mtoto kodi gari, mpatane kabisa atawafuata saa ngapi na uchukue namba yake, maana jioni kurudi usafiri ni wa shida. Mkipita sokoni Konde nunueni maembe.